Maji ya Mama Hilaria

Korogwe, 14 Machi 1951

Lori halikwenda tena. Leo Dilip mwenye lori anasema anangoja spea kutoka Tanga, jana alisema anangoja dereva, juzi alisema mzigo haujatosha. Nimemwambia mume wangu Lukasi kwamba punda angekwisha kunifikisha Handeni na kurudi. Akacheka. Anacheka kwa sababu tumbo si lake.

Kwetu Uzigua mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi mzaa mama, na mjomba ndiye anayempa jina. Lukasi alilijua hilo kabla hajanioa. Alijua pia kwamba mtoto atabatizwa Handeni, katika kanisa la Anglikana nilimobatizwa mimi, ambako mjomba wangu Paulo ni mzee wa kanisa. Tulikubaliana mbele ya watu, wakala wakashiba. Yeye ni wa Roma, mimi wa Anglikana. Ndoa tulifungia kwetu, na tangu siku hiyo Padre wao amemzuia Lukasi kupokea komunyo. Machoni pa Padre sisi hatujaoana, tunakaa tu kama kuku.

Mama Hilaria, mama yake Lukasi, amehamia hapa kutoka kambi ya mkonge ili anisaidie. Ni mkunga, na sijui ni nyumba gani ya mji huu ambayo hajaingia na beseni lake. Ananipikia uji, ananikanda miguu, na jioni anasali rozari kando ya kitanda changu kwa sauti kubwa, utadhani mimi ndiye Shetani anayefukuzwa.

Daftari hili lilibaki nilipoacha kufundisha darasa la pili. Nitaandika humu, maana nikiyasema yote kwa mdomo nyumba hii haitakalika.

19 Machi

Mvua imeanza. Barabara ya Handeni imekatika. Nilisema mimi!

22 Machi, Alhamisi Kuu

Jana mchana nimejifungua mtoto wa kiume. Mungu ashukuriwe! Mzima, mzito, mweusi kama baba yangu. Alilia mpaka Noorjahan, mke wa Sadru mwenye duka la jirani, akabisha hodi kuuliza kuna nini.

Mama Hilaria ana mkono mwepesi, sikatai. Uchungu ulipozidi aliniambia, "Nitukane mimi, mwanangu, usijizuie," nami nikamtukana, na hakuchukia. Kisha akamchukua mtoto nyuma ya pazia kumwosha. Nilisikia maji yakidondoka na sauti yake ya chini, nikajua anambembeleza. Aliporudi nilimbusu mkono.

Jina lake Hiza, la babu yangu. Nalijua mimi na daftari hili, mpaka mjomba alitamke.

27 Machi

Nimevunja ncha ya penseli mara mbili. Nitaandika hivyo hivyo.

Leo asubuhi Padre wa Roma alikuja. Ni Mzungu, mrefu, Kiswahili anakijua kuliko makarani wa boma. Tangu niolewe hajawahi kukanyaga kizingiti chetu. Nikasema moyoni, labda ni Pasaka, labda amelainika. Nikampa kiti. Akainama juu ya mtoto, akampa baraka, akasema, "Kumbe huyu ndiye Valeriani wetu!"

Nikasema, "Padre, umekosea nyumba. Huyu hajapewa jina bado."

Akamtazama Mama Hilaria. Mama alikuwa anachagua mchele, na uso aliuzamisha ndani ya ungo.

"Alikuwa mdhaifu, Edita," akasema. "Niliogopa. Nikambatiza."

"Mdhaifu? Huyu aliyemtoa Noorjahan dukani kwa kilio?"

Padre akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto wa shule, kwamba penye hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, na kwamba lililofanyika halifutiki. Mtoto amekwisha kuandikwa katika kitabu cha parokia. "Sasa ni mtoto wa Kanisa," akasema.

"Kanisa lipi?"

"Lipo moja tu." Akatabasamu.

Ebo! Nikamwambia, "Padre, mtoto huyu ana mama. Mama yake ndiye mimi, nimekaa hapa, nina masikio. Nani aliniuliza?" Akajibu kwamba ananiombea. Nikamwambia aombe akiwa njiani, mvua inakuja.

Lukasi alikuwepo. Alisimama mlangoni kama nguzo ya simu. Padre alipoondoka akasema, "Ungempa heshima kidogo." Nikamrushia kata ya maji. Imempiga begani, na sijutii.

Mimba niliibeba mimi, uchungu niliusikia mimi, na aliyeulizwa hayupo. Hata kuku akichinjwa mwenyewe huulizwa! Na tendo lenyewe limefanyika hapa hapa chumbani, nyuma ya pazia langu, na mtu ambaye mkono wake niliubusu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nalisomesha darasani kama maneno ya kitabu tu.

28 Machi

Sijasema naye. Uji wake nimekunywa, lakini sijasema naye.

3 Aprili

Nilimtumia salamu Padri Semboja, padri wetu wa Anglikana hapa mjini, mtu wa Usambara, mwenye mke na watoto. Alikuja na viatu mkononi kwa tope. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Nilitegemea atasema, lete mtoto Jumapili tumbatize, tumalize.

"Haiwezekani, mwanangu," akasema. "Ubatizo ni mmoja. Hata ukifanywa na mkunga, kama maji ni maji na maneno ni yale, umekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kwa hiyo ni wao wameshinda?"

"Aka! Baba akikubali, mtoto aweza kupokelewa Handeni mbele ya kanisa, akaombewa, akawa wetu. Lakini baba lazima akubali."

Kisha akaanza. Sisi tulikuwa hapa kabla reli haijaletwa na Wajerumani. Roma walikuja nyuma ya mkonge, wakifuata vibarua kutoka Songea na Tukuyu. Shule ya kwanza yetu. Kengele ya kwanza yetu. Ati Padre wao yule wa zamani alichukua wasomaji wanne wa Anglikana kwa kuwapa suruali. Macho yalimng'aa kama mtu aliyetoka kwenye mpira. Chai ikapoa.

Nikamwuliza, "Padri, unamtaka mwanangu, au unataka kumshinda yule Mzungu?"

Akakohoa, akasema ni vyote viwili. Walau hakudanganya.

Nimezaliwa katika ugomvi huu, na nilikuwa nauona jambo la kawaida. Kanisa la Roma hapa lilianza bandani, pale pale palipoanikwa singa, nyuzi za mkonge. Vibarua walisali humo Jumapili bila padri, na Mama Hilaria alikuwa mmoja wao. Baadaye walibeba mawe kichwani kutoka mtoni mpaka jengo likasimama. Kanisa letu liko ng'ambo ya reli, na siku hizi makanisa yote mawili yanapiga kengele saa ile ile, kila mpigaji akitaka ya mwenzake isisikike. Walutheri wamekwisha kuteremka kutoka milimani mpaka Mombo, na hapa hawako mbali. Watakuja na kengele yao. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi ni mimi na mwanangu.

9 Aprili

Mvua. Nepi hazikauki. Nina hasira hata na kamba ya nguo.

15 Aprili, Jumapili

Lukasi alivaa koti asubuhi, akaenda Roma. Alikaa nyuma, ati. Baada ya misa Padre akamwita. Amerudi ananuka mishumaa, amekaa kitandani, ananiambia huku anatazama vidole vyake vya miguu.

Siku ya Pentekoste mtoto apelekwe mbele ya waumini. Mimi nifundishwe katekisimu yao na katekista wao. Ndoa ifungwe upya. Hapo Lukasi atarudishiwa komunyo.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema nitakuambia."

"Hukusema, 'Mke wangu ninaye tayari'? Hukusema, 'Tuliahidi watu Handeni'?"

"Edita, miaka miwili sijapokea. Hujui ilivyo, wenzako wanasimama wanakwenda mbele, wewe umebaki na vitoto na vichaa. Na mtoto amekwisha kubatizwa. Kuna hasara gani?"

Hasara gani! Nikamwambia kwamba nikipiga magoti pale nitakuwa nimesema mjomba wangu ni mwongo, mama yangu alilia bure siku ya harusi, na mwanangu ni wa haramu tangu Machi hadi Mei. Nikamwambia kama anaitaka Pentekoste yao aende na mwanasesere. Hiza hatoki ndani ya nyumba hii. Jina likanitoka kabla mjomba hajalitamka.

"Valeriani," akasema Mama Hilaria kutoka jikoni, taratibu kabisa.

Nikatoka nje nikasimama mvuani na mtoto begani, nimejitanda kanga, mpaka Noorjahan akanivuta barazani kwake.

18 Aprili

Lukasi analala kwenye mkeka. Analalamika mgongo. Vizuri.

24 Aprili

Leo nimejua jambo, nami sijui nilifanye nini.

Nilikwenda dukani kwa Sadru kununua mafuta ya taa. Sadru alikuwa stesheni, Noorjahan yuko peke yake na dada yake mdogo, ambaye ni mkwe wa mzee Hassanali wa duka la vitambaa. Huyo dada ana mtoto wa miezi sita, na aliyemzalisha ni Mama Hilaria. Tukawa tunazungumza habari za watoto. Noorjahan akasema, "Mama mkwe wako ana dua nzuri. Watoto wake hawaugui."

"Dua gani?"

"Ile ya kuoshea. Anamwaga maji hapa," akagusa kipaji cha yule mtoto, "kidogo, kidogo, kidogo, mara tatu, huku ananong'ona. Nilimwuliza, akasema ni dua ya kwao Songea."

Nilisahau mafuta ya taa. Nikarudi mbio, nikamkuta Mama amekaa anatwanga vitunguu saumu. Tangu Pasaka nilikuwa simsemeshi ila kwa lazima. Nikasimama mbele yake.

"Mama, umebatiza wangapi?"

Mchi ukasimama. "Wote," akasema.

"Wote akina nani?"

"Wote waliopita mkononi mwangu. Wa Roma, wa kwenu, Waislamu, Wahindi. Wote, Edita."

"Na mtoto wa mwisho wa Padri Semboja?"

"Naye."

"Na wa mwalimu wa madrasa?"

"Wawili."

Lo! Nilicheka. Kicheko kilinishika mpaka nikakaa chini, nikamwona Padri Semboja na kengele yake ya kwanza na shule yake ya kwanza, na kitinda mimba wake ni wa Roma bila yeye kujua. Kisha kicheko kikaisha, hasira ikarudi maradufu. Nikamwambia huu ni wizi. Watu wanakufungulia mlango saa ya shida, wanakupa mtoto mikononi, wewe unamwibia mama yake hajainua hata kichwa. Nikamwambia hata Padre wake haruhusu hivyo, kwa watoto wazima wasio wake. Sikumbakizia kitu.

Akaniacha mpaka nikamaliza. Halafu akasema mambo ambayo Lukasi mwenyewe hajapata kuniambia, na nadhani hayajui.

Alitoka Songea na mumewe kwa mkataba wa mkonge. Kabla ya Lukasi alizaa watoto watatu kule kambini. Kila mmoja alikufa siku ile ile aliyozaliwa, kabla katekista hajafika, maana katekista alikuwa mmoja kwa kambi zote. Padre wa siku hizo, ambaye sasa ni marehemu, akasema wasiobatizwa hawawezi kulala katika ardhi iliyobarikiwa. Makaburi ya Roma yalikuwa na ua wa minyaa. Watoto wake walizikwa nje ya ua, ukingoni mwa shamba. Mwaka uliofuata kampuni ikaongeza shamba.

"Mkonge ukapandwa juu yao," akasema. "Ukakatwa, ukang'olewa, ukapandwa mwingine. Ningekuonyesha mahali, lakini sipajui tena. Nikasema, mtoto mwingine hatalala nje kwa sababu ya kikombe cha maji. Wa mtu yeyote."

"Lakini Hiza hakuwa anakufa, mama."

"Wa pili wangu naye alilia kwa nguvu," akasema, akachukua mchi wake.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia vizuri. Sasa hata hilo amenipokonya, na kwa hilo nina hasira naye zaidi.

25 Aprili

Neno moja sokoni, na Padre hatapata usingizi mpaka Krismasi. Lakini Mama naye hatapata mlango wa kuingia. Akina Hassanali watasema nini? Mwalimu wa madrasa atafanya nini? Nikinyamaza, Pentekoste inakuja.

2 Mei

Mto umefurika hadi karibu na daraja. Mtoto anacheka sasa. Anamchekea zaidi bibi yake, mjinga huyu.

6 Mei, Jumapili

Asubuhi nilimwuliza Mama Hilaria. Nilisema, "Mama, nataka kumwambia Padre yale ya watoto. Yeye peke yake. Bila hivyo atanichukulia mwanangu. Lakini sitasema kama hutaki." Alikuwa anajifunga kilemba cha misa. Alikifunga mpaka mwisho, akasema, "Sema. Mimi nimechoka kunong'ona."

Baada ya misa tukaingia ofisini kwa Padre: mimi na mtoto, Lukasi, na Mama. Padre alifurahi, alidhani nimekuja kujiandikisha katekisimu.

Nikasema, "Padre, mtu akibatizwa na mkunga, ni wa kanisa lako?"

"Ndiyo."

"Hata kama wazazi hawakutaka?"

"Neema haiombi ruhusa, mwanangu."

"Haya, chukua kofia yako twende tukawakusanye. Tuanzie dukani kwa Hassanali, yupo mjukuu. Halafu kwa Padri Semboja, yupo mmoja, kitinda mimba. Kisha twende kwa mwalimu wa madrasa, yeye ana wawili. Wengine Mama atatuonyesha njiani."

Alimgeukia Mama. "Hilaria, kweli haya?"

"Kweli, Padre."

Sijawahi kuona Mzungu akigeuka rangi namna ile. Aliinuka akafunga mlango, akafunga na madirisha, na ofisi ile ni joto. Akasema mji huu utawaka moto. Akauliza nimemwambia nani mwingine. Akasema hilo ni kosa kubwa, kubatiza mtoto mzima wa watu bila idhini ya wazazi wake.

"Bila idhini ya wazazi," nikasema. "Nilitaka kulisikia neno hilo tangu Pasaka."

Lukasi akainama. Nilimwona anatazama vidole vyake, kisha akainua uso, akasema kwa sauti ambayo sikuijua kama anayo, "Padre, mwanangu atapokelewa Handeni. Niliahidi." Na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilitaka kumkumbatia mbele ya picha ya Baba Mtakatifu.

Padre akasema tumchukue mtoto, hatamtaja tena. Nimeshinda! Nilidhani nitatoka pale naruka.

Lakini hakuwa amemaliza. Alimtaka Mama ashike msalaba aape kwamba hatabatiza tena mtoto wa mtu pasipo wazazi kukubali. Mama akaapa. Kisha akamzuia komunyo mpaka Krismasi. Mwanamke aliyebeba mawe ya ukuta ule kichwani mwake! Maji yale yale, mkono ule ule. Yalipomwangukia mwanangu yalikuwa neema, yakaandikwa kitabuni, na tabasamu juu. Yalipomwangukia mjukuu wa tajiri yamekuwa dhambi. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema nimshukuru Mungu, niende.

Mama hakulia. Njiani alimwomba Lukasi amshike mkono, kwa sababu ya utelezi.

13 Mei, Pentekoste

Watu walipokwenda kupokea, Mama alibaki benchini upande wa wanawake, na mwanawe upande wa wanaume. Lukasi ndiye aliyenisimulia. Usiku wa jana amehamia kitandani.

22 Mei

Jirani yetu aitwaye Afisa, mke wa Ramadhani mchukuzi wa stesheni, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ameshikwa na uchungu leo asubuhi, mimba haijatimia. Mzigua mwenzangu, Mwislamu, mpole sana. Walikuja kumwita Mama Hilaria, naye akaniambia, "Twende wote, mikono yangu haina nguvu leo." Mtoto wangu nikamwacha kwa Noorjahan.

Mvua ilipiga bati tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Mtoto alizaliwa adhuhuri, mvulana, mdogo wa kutosha kiganjani. Hakulia. Mama alimfuta pua, akampuliza, akamsugua mgongo, akamwingiza kifuani mwake ndani ya nguo. Akapumua kidogo, akaacha, akapumua tena. Nilikwisha kuona kwamba hatakaa. Mama naye aliona kabla yangu.

Kikombe kilikuwa kando ya beseni. Nikauona mkono wake unakwenda.

Nikaushika. Nilikuwa na hasira mpaka meno yanauma, sijui kwa nani, kwake, kwa Padre, kwa Mungu. Nikamwambia, "Mama. Mwulize mwenye mtoto."

Aliniangalia namna ambayo sijawahi kuangaliwa na mtu. Anaamini, jamani. Anaamini kabisa kwamba asipotia maji yale mtoto atakaa nje milele. Mimi nilikuwa namwomba amwache mtoto nje.

Akapiga magoti karibu na kichwa cha Afisa. "Mwanangu, huyu ni mchovu sana, hatakaa. Kwetu tunambatiza. Ninayo maji hapa. Unataka?"

Afisa akafumba macho. "Hapana, bibi. Niitie baba yake amsomee adhana."

Nilisema nitakwenda mimi. Mama akanipa mtoto mikononi, akatoka mwenyewe, mzee yule, mvuani, bila viatu, mpaka stesheni. Alirudi amemshika Ramadhani mkono kama mtoto wa shule. Ramadhani akajifuta maji, akamchukua mwanawe, akamwadhinia sikioni, sauti inakatika. Nilimtazama Mama mdomo. Haukucheza. Alisimama ameshika mikono yake nyuma.

Mtoto alifariki kabla ya alasiri.

23 Mei

Wanaume walikwenda kuzika asubuhi, na Lukasi alikwenda nao. Aliporudi alikuwa na udongo hadi magotini. Mama alimsubiri mlangoni na maji ya kunawa.

"Wamemlaza wapi?"

"Makaburini kwao, mama. Karibu na babu yake."

"Ndani?"

"Ndani. Imamu mwenyewe alikuwepo."

Akamnawisha mikono, akamnawisha na miguu, jambo ambalo mama hamfanyii mwanawe mtu mzima. Halafu akaenda jikoni, tukasikia kishindo. Amevunja chungu. Lukasi akainuka, nikamzuia. Amevunja na cha pili. Akasema, si kwetu, kwa mtu ambaye hayumo ndani ya nyumba: "Hata siku moja! Hata siku moja hawakubatizwa, na wamelala na babu zao!"

Nimeishi naye masika yote, na leo ndiyo mara ya kwanza kumwona amekasirika.

27 Mei, Jumapili

Barabara ya Handeni imefunguka. Dilip anasema lori linakwenda Jumatano, na safari hii nimeona mzigo kwa macho yangu.

Leo nimeingia kanisa la Roma wakati wa misa, mara ya kwanza maishani. Mama alinitaka nikae karibu naye. Nilikaa na Hiza mapajani, watu wakigeuka kunitazama, nami nikawatazama vilevile. Kanisa lilijaa, mvua nayo ikaanza wakati wa mahubiri.

Padre alipomaliza matangazo, kabla hajatoa baraka, Mama Hilaria akasimama. Pale hakuna mwanamke anayesimama kusema. Padre akamwashiria akae. Hakukaa.

"Padre, nina watoto watatu nje ya ua," akasema. "Mkonge umepandwa juu yao. Mawe ya ukuta huu niliyabeba kwa kichwa hiki. Nataka wanangu waingizwe ndani. Kama mifupa haipo, basi ubomolewe ua, udongo ule ubarikiwe."

Padre akasema, "Hilaria, si mahali pake hapa. Njoo ofisini."

"Ofisini nimekuja mwaka hadi mwaka."

Lukasi alikuwa upande wa wanaume, naye alikuwa amekwisha kusimama. Kisha mwanamke mmoja mbele, Serafina mke wa katekista, mtu ambaye hajawahi kumpinga Padre hata kwa kukohoa, akasimama akasema, "Na wangu mmoja." Nyuma yetu bibi wa Kimakonde akainuka kwa fimbo, "Wangu wawili." Na mwingine. Na mwingine karibu na mlango, akilia tayari, akasema jina tu, jina la mtoto, basi. Kulikuwa na wanawake sikuwadhania, wasichana wa juzi. Walisimama upande mzima.

Padre alikuwa altareni na kitabu chake wazi. Nilimwona anafumbua mdomo, anasema kitu kirefu, mkono ameuinua. Lakini mvua ilikuwa imeshika bati kwa nguvu zote, hakuna aliyesikia alichosema, na hakuna aliyekaa.